Bibi Mkubwa wa Mishumaa

Kiingereza changu chote nilikipata jioni, katika sebule ya watu, baada ya kutwa nzima ya kusukuma marobota ya mkonge bandarini Tanga. Robota moja lilikuwa zito kuliko tembo na mkewe, lakini sentensi ya Kiingereza ilikuwa nzito zaidi. Robota ukilitua limetua. Sentensi unaitua leo, kesho inakuja tena imegeuzwa nyuma mbele, na mwalimu anakuuliza kwa nini huitambui. Ilikuwa miaka ya hamsini, nusu ya Ngamiani ilikuwa inasoma na nusu iliyobaki inafundisha, na mtu aliyekosa darasa la jioni alionekana kama mgonjwa.

Sebule ilikuwa ya mzee mmoja mwenye asili ya Oman, tajiri wa minazi, mashamba yake yako njia ya Pongwe. Sote tulimwita Sheikh. Alitupa sebule kwa ajili ya thawabu, akatupa na karabai, akatupa na yeye mwenyewe. Kila jioni alikaa kwenye kiti chake cha mkono, tasbihi kiganjani, kusimamia adabu. Penseli hakushika. Alisema Kiingereza kitaingia chenyewe kwa masikio, kama baridi inavyoingia. Nyuma ya pazia la mlango wa ndani walikaa mkewe na wanawake wengine wa nyumba ile wakisuka ukili, na tulijua wapo kwa sababu ukili una mchakacho wake, na kwa sababu palipochekesha pazia lilitikisika.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Korogwe, karani wa reli mchana. Hakuwa na vitabu vya kufundishia, ila alikuwa na kitabu kimoja. Alikipata kwenye mnada wa vitu vya Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Alinunua beseni, na kitabu kilikuwa ndani ya beseni. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, basi hatukujua jina lake wala aliyekiandika, na mpaka leo sijui, ingawa nimefungua vitabu vingi vya Kiingereza nikimtafuta yule bibi kama mtu anayetafuta ndugu stesheni. Mwalimu alikuwa anasoma ukurasa kwa Kiingereza, anatupa maneno magumu tuyaandike, halafu anatusimulia ukurasa huohuo kwa Kiswahili. Kwa ajili ya ile dakika ya Kiswahili tungeweza kujifunza hata Kichina.

Ilikuwa hadithi ya mji mdogo wenye mvua isiyokatika, na ndani ya mji, bibi mmoja mjane wa ukoo mkubwa. Sheikh ndiye aliyempa jina la Bibi Mkubwa. Paa la nyumba yake lilikuwa linavuja mpaka supu inaongezeka mezani, lakini wageni walipangwa kwa vyeo, na mwenye cheo cha juu zaidi ndiye aliyekaa pasipovuja. Kanisani alikaa mbele kabisa ili Mungu asipate tabu ya kumtafuta. Kila mwaka aliwakusanya maskini akawapa hotuba ndefu juu ya unyenyekevu, na kwa kuwa hotuba ilikuwa ndefu, mikate ilipoa, na kwa kuwa ilipoa, alisema maskini hawajui kushukuru.

Tulicheka, nakwambia, mpaka karabai ikayumba. Mchukuzi mwenzangu wa bandarini, mtu wa maneno tangu kuzaliwa, alikuwa anaanguka kutoka kwenye benchi makusudi.

"Huyu namjua!" alisema. "Huyu ni mnyapara wetu! Tofauti ni gauni tu."

Mwalimu naye alikiri kwamba akisoma habari za yule bibi humwona bosi wake wa reli, na ndevu zake zote. Mimi nilimwona mama mwenye nyumba yangu, aliyekuwa anatukataza kuchota maji kisimani siku ya Ijumaa ili kisima nacho kiswali. Sheikh alimwona jirani yake Mhindi wa duka. Kila mtu alikuja na Bibi Mkubwa wake mfukoni, na hakuna hata mmoja aliyemkuta kwenye kioo.

Hapo nilianza kuelewa kazi ya watu wanaoandika vitabu vya namna ile. Wasomi huiita tashtiti. Mimi naiona kama ukarimu wa hatari. Mwandishi hamtukani yule anayemsema. Anampa kiti kizuri, anamkalisha, anamwambia, haya mama, sema. Mama anasema. Anasema kwa ufasaha, anasema kwa imani, na kila neno anajivua nguo moja, huku mwandishi amenyamaza kimya kama aliyekuja kusoma mita ya maji. Msomaji naye anacheka, na kicheko kinamlainisha, na hajui bado kwamba zamu yake inakuja.

Sasa nimtaje fundi. Katika darasa letu alikuwamo fundi cherehani, kijana mtaratibu, mikono safi kama ya mganga. Ndiye aliyeshona kanzu zote za heshima za mtaa ule, na tarizi yake ya shingoni ilisifiwa mpaka Mombasa, labda na Basra. Huyu fundi alikuwa ameposa. Na aliyemposa ni binti wa marehemu kaka yake Sheikh, aliyelelewa nyumba ileile tuliyosomea, mmoja wa wale waliokuwa wanasuka ukili nyuma ya pazia. Wazee wa mtaa walimpelekea posa yake, wakasema ni kijana wa Pangani, ana kazi, anaswali. Sheikh akawapokea kwa kahawa na halua, akawaambia, "Tunaulizana."

Kwa asiyejua desturi zetu za wakati ule nieleze kidogo. Posa haikukataliwa kwa neno hapana. Hapana ni neno la watu wasio na adabu. Uliambiwa tunaulizana, na kuulizana kukaendelea mpaka binti ameolewa na mwingine, na wewe ukaalikwa harusini, ukala. Kinachoulizwa ni kufu, yaani kama mwanamume analingana na mke kwa dini, kwa hali, na hasa kwa asili: baba yake nani, babu yake nani, na yule wa nyuma ya babu alikuja na miguu yake au aliletwa. Kuulizana kwa fundi kulikuwa kumeanza kabla ya Ramadhani na Ramadhani ilikwisha. Ilisemekana kuna binamu Mombasa ameshachaguliwa, anangoja kuitwa tu avuke mpaka pale Horohoro. Fundi aliendelea kuja darasani, akakaa mwisho wa benchi, upande wa pazia. Sote tulijua. Aliyekuwa hajui ni mwalimu peke yake, kwa sababu ni mgeni, na mtu akitoka reli hana muda wa umbea.

Jioni moja mwalimu alifungua kitabu kwa furaha. "Leo tuna posa," akasema.

"Hapo sasa!" mchukuzi akarukia. "Nani anamposa nani?"

"Kuna daktari kijana. Anamposa binti ya Bibi Mkubwa."

Fundi alikuwa anachonga penseli. Aliendelea kuichonga.

Yule daktari, kwa mujibu wa mwalimu, alikuwa mtu wa kupigiwa mfano. Amesoma, mpole, na kifua cha Bibi Mkubwa mwenyewe alikitibu yeye. Alikuwa na ila moja. Baba yake ni mtengeneza mishumaa, anachemsha mafuta ya ng'ombe uani kwake. Bibi Mkubwa alipopelekewa posa alinusa hewa, akaagiza madirisha yafunguliwe, na mvua ikaingia.

Sheikh alicheka mpaka tasbihi ikamdondoka. "Ananusa! Wallahi, ananusa!"

"Halafu anasema," mwalimu akaendelea, akikuna kichwa, "anasema kijana ni mzuri lakini hana... Sijui niseme vipi. Hana cheo cha ukoo. Hana ile damu ya..." Akatazama dari, akatazama karabai, kisha uso ukamng'aa kama mtu aliyepata treni yake. "Si kufu yake!"

Ukili ukaacha kuchakacha.

"Kufu?" Sheikh akauliza. Alikuwa bado anatabasamu. "Mzungu anajua kufu?"

"Ndiyo maana yake, Sheikh. Wanakaa kikao cha ukoo, wanatafuta njia ya kumkataa bila kumwambia hapana. Wanamwambia, tunaulizana."

Mwalimu aliliona neno hilo limekaa vizuri, akalirudia. Kikohozi kikatushika darasa zima, kama kifaduro kimepita mlangoni. Mchukuzi aliingiza kichwa chote ndani ya daftari lake. Nilimtazama fundi: penseli yake ilikuwa imekwisha, amebaki anachonga ncha ya kidole.

Niseme kweli juu ya Sheikh, maana ni rahisi kumwonea. Hakushtuka. Alikunja miguu vizuri kitini, akatoa hukumu yake kwa moyo mweupe kabisa.

"Hao watu wa kiburi tu," alisema. "Kijana ana kazi, ana adabu, kamtibu kifua. Anataka nini zaidi? Ampe! Sisi kufu yetu ni ya sheria. Yao ni ya mbwembwe."

Ndipo fundi akainua macho. "Sheikh, na sheria inasemaje?"

"Sheria inataka mtu ajulikane atokako, basi. Si dharau, kijana wangu. Ni kujua tu. Lakini mishumaa! Mishumaa ni aibu? Huyo mama analala gizani?"

Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ya mkewe. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia ndani ya darasa.

"Mwalimu!"

"Naam, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Huyo bibi wa kwenye kitabu, mishumaa ya sebuleni kwake anainunua kwa nani?"

Mwalimu akapekua kurasa, mtu makini. "Kwa baba yake daktari, bibi. Mji mzima hauna mtengeneza mishumaa mwingine."

"Haya. Na kanzu je?"

"Kanzu? Bibi, watu wa Ulaya hawavai—"

"Sikuulizi wa Ulaya."

Macho yetu yote, bila kuagizwa, yakaenda kwenye shingo ya Sheikh. Alikuwa amevaa kanzu ya melimeli, na tarizi ya shingoni ilikuwa ya fundi, mshono juu ya mshono, hata kipofu angeitambua. Sheikh akainua mkono taratibu akaifunika. Kama asingeifunika huenda tungeokoka. Mchukuzi ndiye aliyepasuka kwanza, halafu benchi lote, halafu pazia, na kicheko hicho kilisikika stesheni, nadhani treni ya Moshi iliondoka nacho. Mwalimu peke yake alisimama na kitabu chake, anauliza, "Nini? Nimetafsiri vibaya?"

Fundi hakucheka. Alikuwa ameinamia maganda ya penseli yake, anayakusanya kiganjani.

"Somo limekwisha," Sheikh akasema, akaingia ndani.

Kesho yake sebule ilifungwa. Tulisimama barazani na madaftari yetu kama watu waliokuja kuzika wakaambiwa maiti ametoka. Mwalimu alipoelezwa jambo lenyewe alikaa chini kwenye ngazi, akasema hatatafsiri tena maishani mwake, atabaki na nauli na ratiba. Wengine walimlaumu mchukuzi, wengine walimlaumu mama wa nyumba. Fundi alisema neno moja tu, "Basi," akaenda kwenye cherehani yake. Kwake binti yule alikuwa ameshavukishwa Horohoro.

Lakini ndani ya nyumba, jina la Bibi Mkubwa lilikuwa limehamia kwa Sheikh. Hili nililipata baadaye kwa mdomo wa mkewe mwenyewe, alipokuwa mzee sana na haogopi mtu. Alisema hakumwita mumewe hivyo hata mara moja. Alichofanya ni kuuliza tu, kila wakati wa chakula, kwa upole, kama Bibi Mkubwa wa Ulaya alishapata majibu. Wajukuu waliisikia wakaipeleka sokoni, na soko la Ngamiani likishika jambo, hata samaki wanalijua. Sheikh akawa anapita njia za nyuma kwenda msikitini.

Halafu akasafiri. Ikasemwa ameenda kutazama minazi yake, jambo lililotushangaza, maana minazi yake alikuwa anaitazama kwa kuwatuma watu. Alirudi na viatu vimejaa vumbi jekundu ambalo si la Pongwe, akaagiza sebule ifunguliwe. Tuliingia kwa ncha za vidole. Yeye alikuwa kitini pake, tasbihi mkononi, na kanzu ni ileile.

"Mwalimu," akasema, "nimalizie."

Mwalimu akamalizia kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Bibi Mkubwa, kumbe, alisikia kwamba yule daktari amealikwa mezani kwa gavana. Asubuhi yake akagundua kwamba mishumaa ni kazi ya kale yenye heshima, na kwamba yeye siku zote alisema hivyo. Akamtoa binti yake, na kwenye sherehe akampanga baba yake daktari pasipovuja.

Sheikh alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. "Huyo hajabadilika hata kidogo," akasema. "Kageuka upande tu, kama mtu kitandani." Kisha akamtazama fundi. "Waambie wazee wako waje. Na msiseme ni kwa ajili ya kitabu. Kitabu ni kitabu. Mimi nimeuliza, nimejibiwa."

Sijui mpaka leo ni nini kilichomfikisha pale: kitabu, mkewe, wajukuu, au ile safari. Husemwa kwamba hadithi za kejeli huwabadilisha watu. Mimi nimeziona zikiwabana watu, na mtu aliyebanwa anaweza kutoka upande wowote. Wengine wanatoka wakali kuliko walivyoingia. Wengine wanatoka wamemtafuta mwingine wa kumcheka.

Harusi ilikuwa ya kutikisa Tanga. Pilau ilipikwa kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake na kualika rafiki. Wanaume walikaa kwenye mikeka uani, kwenye masinia, na bwana harusi alikaa juu, kando ya mashekhe, amevaa joho la Sheikh, kilemba cha Sheikh na jambia la Sheikh. Kwa mara ya kwanza nilimwona fundi katika nguo ambayo hakuishona, na ilimkaa vizuri. Alikaa kama aliyezaliwa juu ya joho.

Kabla ya kunawa wakaingia watu wa Muheza. Mbele alikuwa mzee mmoja mwenye shati la kaki, suruali imekunjwa, vumbi jekundu mpaka magotini, na gunia la machungwa begani. Sisi wa darasani tulimjua. Msimu wa machungwa ulipofika alikuwa anapita kwa fundi, na fundi alimwita mjomba. Ni kaka wa mama yake, Mbondei wa shambani, na ndiye aliyemlea.

"Hodi jamani!" mzee akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya mto.

Jamaa mmoja wa Sheikh, aliyekuja kutoka Mombasa, akamwinamia bwana harusi. "Hawa nani hawa?"

Nilikuwa karibu kiasi cha kuhesabu nyuzi za kilemba. Fundi alitazama gunia, akatazama magoti ya yule mzee.

"Hao," akasema, "ni wateja wangu wa Muheza."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini hapakuwa na makelele ya kutosha. Mzee alikuwa ameshafika. Alishusha gunia polepole, akaliegemeza ukutani lisimwangukie mtu.

"Ndiyo, fundi," akasema. "Tumekuja kutazama nguo zetu kama ziko tayari."

Wakaonyeshwa mkeka wa nje, karibu na pipa la maji, wanapokaa wapishi na wapiga ngoma. Wakaenda. Mwalimu wa Korogwe alikuwa ameketi mbele yangu, na alinitazama kama anayeomba nimtafsirie. Mchukuzi, mtu wa maneno tangu kuzaliwa, alianza kuhesabu masinia.

Sheikh alikuwa anatoka jikoni kukagua pilau. Aliona gunia, akasimama, akatafuta kwa macho, kisha akapita katikati ya mikeka yote moja kwa moja mpaka kwenye pipa.

"Mkwe!" akasema. "Mbona huku? Mimi kwako nilikalishwa nje?"

Mzee wa Muheza alitaka kusema kitu, lakini alishashikwa mkono, na Sheikh alikuwa anamvuta huku anawaeleza wageni njia nzima, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanawake. "Pangani nilikwenda, hawamjui kijana. Muheza wanamjua mpaka jina lake la utani! Huyu ndiye aliyenipa kivuli, akanimenyea machungwa, akanipa ukoo wote wa bwana harusi, mpaka wa nyuma kule ambao sikuuliza. Sogeeni, sogeeni, mpeni nafasi mkwe wangu."

Jamaa wa Mombasa akasogea. Mzee akaketi kwenye sinia la kwanza na vumbi lake. Hakuna aliyecheka. Nilisubiri kicheko, nikagundua kwamba hakuna aliyekuwa na hakika aanze kumcheka nani.

Alikuja mnawishaji na birika na bakuli. Sheikh akavipokea kwake, akamgeukia bwana harusi, akampa mikononi.

"Mnawishe mjomba wako," akasema, kwa adabu kabisa.

Fundi akapiga magoti. Mikono ile isiyowahi kukosea uzi ilimwaga maji mengi kuliko yalivyohitajika, yakaruka bakulini yakaanza kushuka upindoni. Mzee alinawa kidole kimoja kimoja, akitazama mikono yake na si uso wa mtu.

"Polepole, mjomba," akamwambia. "Utalowesha joho la watu."